Taa ya kambi: rangi ya bodi na rangi ya mwanga, ipi uchukue dukani na ipi ubadilishe mwenyewe

Mtu akitaka kununua taa ya kwendea kempu swali la kwanza huwa ni lilelile, nichukue nyeusi, nyekundu au ile ya kijani ya kijeshi? Na muuzaji anakupangia zote juu ya meza uchague kwa macho, mchana kweupe, taa zimezimwa. Sasa shida iko hapo, unainunua mchana ila utaitumia usiku, na kwenye taa rangi ziko mbili sio moja, kuna ya bodi na kuna ya mwanga wenyewe, na hiyo ya mwanga ndo inaamua kama mtakula kwa raha au mtakula na wadudu. Mimi nasema anza na mwanga. Bodi unaweza kuipiga rangi wikiendi moja ikabadilika kabisa, lakini LED mbovu imeshafungwa mle ndani, utahangaika nayo kwa machujio na bado haitakuwa vile ulivyotaka. Kwa hiyo nalinganisha mwanga kwanza, halafu bodi, halafu tuone namna ya kubadilisha.

Mweupe wa baridi au wa njano

Geuza boksi utafute namba yenye herufi K mwishoni, hizo ni Kelvini. Mwali wa chemli au mshumaa uko kwenye 1,900K hivi, zile balbu za zamani za waya 2,700K, jua la mchana kati ya 5,000 na 6,500K, na LED nyingi za bei poa zinakaa hukohuko juu, 6,000 mpaka 6,500K, ule mweupe unaovuta kwenye bluu. Namba ikipanda mwanga unakuwa wa baridi, ikishuka unakuwa wa njano, na wala haina maana kwamba namba kubwa ndo taa kali, ukali unasomwa kwenye lumeni, hiyo ni habari nyingine.

Mweupe wa baridi una kazi yake siukatai. Umepata pancha porini usiku na nati imedondoka kwenye majani, au zipu ya tenti imekatika unataka kuishona, hapo utataka mweupe, na kwa betri ileile LED ya 6,500K kawaida inatoa lumeni nyingi kidogo kuliko LED ya 2,700K. Lakini kukaa nayo mezani kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne usiku, hapana jamani. Inachoma macho, kila mtu anakaa kainamisha kichwa, na ukinyanyuka pale kwenda chooni unaona giza tupu kwa sababu jicho likishapigwa na mwanga mkali linahitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri tena. Na bluu nyingi usiku inauambia mwili bado ni mchana, usingizi unachelewa, wakati kesho yake mnaamka alfajiri.

Halafu wadudu, na hapa tofauti ni kubwa mno. Wadudu wengi wa usiku wanavutwa na bluu na ultravioleti kuliko njano na nyekundu. Subiri mvua za kwanza zinyeshe, jioni ile kumbikumbi wanapotoka ardhini, washa taa ya 6,500K upande mmoja na ya njano iliyokolea upande mwingine, haichukui muda ile nyeupe unaiona kwa shida, mbawa zimeganda kwenye kioo, zimejaa kwenye mchuzi, zimeingia kwenye kola ya shati, na ile ya njano wako wachache wanaizunguka. Sio kwamba njano inafukuza wadudu, haifukuzi, ila haiwaiti kwa nguvu ileile. Na kwa wenzetu wa Kenya kuna yule mdudu mwembamba mwenye mapande ya rangi ya machungwa na nyeusi, Nairobi fly, haumi wala hachomi lakini ukimponda kwenye ngozi sumu yake inababua, wakati wa mvua za El Niño za 1997/98 aliwasumbua watu wengi, na huyo naye anafuata taa za usiku hasa nyeupe. Ukiwa kambi ya maeneo yake basi taa nyeupe isining'inie juu ya kitanda wala juu ya meza.

Hapa niseme kitu kimoja kwa mkazo maana nimesikia watu wakishauriana vibaya. Mbu wa malaria hajali sana taa yako ina rangi gani, yeye anafuata hewa unayopumua nje, harufu ya ngozi na joto la mwili. Taa ya njano haichukui nafasi ya chandarua. Zipu ya tenti ifungwe, chandarua kiwepo, dawa ya kupaka iwepo, baada ya hapo ndo tuongelee rangi.

Kingine kinachosahaulika ni chakula. Kuna namba inaitwa CRI, mwisho wake 100, inakwambia rangi za vitu zitaonekana kwa ukweli kiasi gani chini ya taa hiyo. Taa ya CRI 90 na kuendelea nyanya inaonekana nyanya, nyama mbichi unaiona mbichi. Taa ya bei rahisi yenye CRI ya chini, hasa ikiwa ya baridi, nyanya inakuwa na ukahawia, mchicha unakuwa wa kijivu, na kuku juu ya mkaa hujui ameiva au bado mpaka umkate. Kama boksi halijaandika CRI fanya hivi, omba taa iwashwe, weka kiganja chako chini yake. Ngozi ikionekana hai, ina joto, wekundu wa kwenye vidole unaonekana, chukua. Ikionekana ya majivu rudisha. Jaribio hili ni la sekunde chache na linafanyika palepale kaunta, Kariakoo Dar au Luthuli Avenue Nairobi hakuna muuzaji atakukatalia.

Kwa hiyo kati ya hizo mbili, taa moja tu ya kuishi nayo kambini mimi ni 2,700 hadi 3,000K yenye CRI nzuri, na ule mweupe wa baridi nauacha kwenye tochi ya kichwani ambayo unaiwasha ukiwa na kazi na unaizima ukimaliza. Zipo taa ambazo zina vyote viwili, unabonyeza swichi inatoka nyeupe inaenda njano, hizo zikipatikana kwa bei ya kueleweka usifikirie mara mbili.

Amba, nyekundu, na zile za rangi zote

Amba ni ile njano iliyokolea inayokaribia machungwa. Kwa wadudu ndo bora kuliko zote ambazo bado zinakuruhusu kuona sahani yako, ila rangi za vitu zinapotea, kila kitu kinakuwa cha kahawia, kwa hiyo ni taa ya barazani na ya kupigia stori, sio ya jikoni.

Nyekundu ina sifa yake ambayo hakuna nyingine inayo. Seli za jicho zinazofanya kazi gizani karibu hazioni kabisa wekundu wa kuanzia nanomita 620 na kuendelea, kwa hiyo unaweza kuwasha taa nyekundu hafifu, ukasoma saa, ukatafuta soksi, ukazima na bado unaziona nyota kama ulivyoziacha. Kwa mtu anaelala Serengeti au Amboseli kwa ajili ya anga hiyo ni sababu tosha, maana huku karibu na ikweta unaona nyota za kaskazini na za kusini usiku mmoja. Lakini iwe hafifu, nyekundu kali inaharibu macho ya giza vilevile. Na usipikie wala usisafishie kidonda chini yake, damu inaonekana kama maji, nyama mbichi na iliyoiva zote sawa, na ramani yenye mistari myekundu mistari yote inafutika. Vilevile usitembelee taa nyekundu kwenda chooni kwenye majani, kifutu amelala pale na mabaka yake ya kahawia kwenye vumbi la kahawia, hapo washa mweupe umulike kila hatua.

Ufukweni ndo nyekundu na amba zinakuwa lazima, sio mapenzi ya mtu tu. Kasa wadogo wakitoka kwenye shimo usiku wanaelekea kule kunakong'aa, kwa asili ni baharini, na taa nyeupe ya kambi inawageuza wanapanda juu nchi kavu wanaishia kukauka au kuliwa. Watamu, Juani kule Mafia, visiwa vya karibu na Pangani, hayo ni maeneo ya kasa kutagia, ukiweka tenti pale taa iwe amba au nyekundu, iwe chini, ielekee ardhini, na ikiwezekana izimwe. Kama unaenda kambi za aina hiyo mara kwa mara nunua taa yenye LED nyekundu ya kwake yenyewe, usitegemee chujio, nitaeleza kwa nini.

Sasa zile za rangi zote zinazobadilishwa kwa rimoti au programu ya simu. Zinapendeza, watoto wanazipenda sana, kwenye bethidei ya porini zinafaa. Ila nyingi kati ya hizo mweupe wake unatengenezwa kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu, na mweupe wa namna hiyo unaharibu rangi za vitu vibaya sana, angalia kama ina LED nyeupe ya pekee ndani yake, kama haina usiifanye taa yako kuu. Na kuweni makini na pa kuiwasha. Baharini nyekundu ni upande wa kushoto wa chombo na kijani ni upande wa kulia, relini nyekundu ni simama, na nyekundu na bluu zinazomweka barabarani kila mtu anajua ni nini. Taa ya kijani imening'inia kwenye mti ufukweni mahali ambapo wavuvi wanarudi usiku, hiyo isifanyike.

Bodi: hapa ndo watu wanapenda, haya tuje

Kuna jambo la macho ambalo Purkyně, mwanasayansi wa Kicheki wa karne ya 19, ndo anakumbukwa kwa kulieleza. Mwanga ukipungua jioni, jicho linaacha kuona wekundu mapema na linaendelea kuona kijani na bluu kwa muda. Liangalie ua jekundu la bougainvillea saa kumi na mbili na nusu hivi jioni, mchana lilikuwa linawaka kuliko majani yake, magharibi inapoingia linakuwa jeusi na majani bado unayaona. Taa ya bodi nyekundu inafanya hivyohivyo. Ni nzuri dukani, ni nzuri kwenye picha, lakini muda uleule unapoanza kuitafuta ndo yenyewe inapotea kwanza.

Nyeusi inapotea vilevile na ina tatizo la pili, jua. Taa ya kuchaji kwa sola inabidi ukae nayo juani, bodi nyeusi inanyonya joto na betri ya lithiamu haipendi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45 za Selsiasi, juu ya paa la gari Februari pale Dodoma unazifikia hizo bila shida. Nyeusi ina sifa pia, plastiki nyeusi inayotiwa rangi ya masizi inavumilia jua kwa miaka mingi kuliko plastiki za rangi nyingine, wakati nyekundu nyingi za bei rahisi zinapauka zinakuwa za waridi. Na haionyeshi uchafu. Kama taa ya betri inakaa kwenye boksi mchana kutwa, nyeusi haina ubaya sana.

Kijani cha jeshi na kahawia ndo rangi zinazouzwa kwa jina la safari na mimi sizishauri kwa taa. Kitu cha kutafutwa gizani hakitakiwi kufanana na majani. Mnavunja kambi alfajiri, watu wana baridi, mambo yamezagaa, taa ya kijani imebaki chini ya mti hakuna aliyeiona. Ile ya mabaka mabaka ya kijeshi ndo usiguse kabisa, Uganda na Tanzania mavazi ya mabaka kwa raia yanaleta matatizo ya kweli, sioni sababu ya kubeba hata kifaa cha namna hiyo kupita nacho kwenye vizuizi.

Bluu, hasa bluu iliyokolea, iangalie kwa jicho la unakokwenda. Ukipita Tarangire au maeneo ya miti ya Serengeti unaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimening'inizwa kando ya njia, ile ni mitego ya ndorobo, yaani mbung'o, wanavutwa na rangi hizo mbili kisha wanakutana na dawa. Kule Uganda wanatumia hata vile vidogo, kipande cha bluu cha sentimita 25 kwa 25 na wavu mweusi pembeni, na vinafanya kazi kwa ndorobo wa kando ya mito. Sisemi taa moja ya bluu italeta ndorobo wote wa mbuga, wao wanafuata zaidi kitu kikubwa kinachotembea kama gari, ila kama unachagua rangi na safari yako ni Tarangire, Katavi au Ruaha basi bluu na nyeusi za nini?

Zinabaki njano, machungwa, nyeupe na bati lenyewe. Njano kwa maoni yangu ndo mshindi, inaonekana mchana, inaonekana magharibi, na tochi ikiipiga kidogo tu inajibu. Machungwa ni nzuri mchana, jioni inafifia lakini sio kama nyekundu. Nyeupe inaonekana usiku kuliko zote ila kambi ya vumbi jekundu itakuwa ya kahawia siku ya pili, na plastiki nyeupe inageuka njano uzeeni. Bati tupu la chemli, lile la zinki linalong'aa kidogo, watu wanalidharau lakini halichubuki rangi maana halina, na linarudisha mwanga.

Kurudisha mwanga kwenyewe ndo jambo ambalo sijaona muuzaji analieleza. Angalia chini ya kofia ya taa, ule upande unaotazama mwanga. Ukiwa mweusi unameza mwanga ambao umeulipia kwa betri, ukiwa mweupe unaurusha chini mezani. Taa mbili za lumeni sawa, moja kofia nyeusi ndani na moja nyeupe, mezani utaona tofauti bila kipimo chochote. Kwa hiyo hata ukiipenda nyeusi, ndani iwe nyeupe.

Na tenti nayo ina rangi. Mwanga wa njano ndani ya tenti ya kijani au bluu unakuwa mchafu, nyuso zinaonekana za wagonjwa, ndani ya tenti nyeupe, krimu au ya machungwa unakaa vizuri. Kama tenti yako ni ya kijani au bluu nenda kwenye mwanga wa 4,000K, unavumilia zaidi.

Kwa safari gani ipi

Kilimanjaro, bodi ya njano au machungwa, mwanga 2,700 au 3,000K wa kwenye tenti ya chakula, na nyekundu ya kujiandaa usiku ule wa kwenda kileleni bila kuwapofusha wenzako. Kambi ya Barafu iko mita 4,673 na ya Kibo 4,720, baridi ya kule inaweza kushuka chini ya sifuri na betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa hapo, kwa hiyo rangi ya bodi haisaidii kitu, ilaze ndani ya begi la kulalia ukilala. Mbuga zenye ndorobo, njano au krimu, mwanga wa njano. Pwani nimeshasema, amba au nyekundu, na bodi nyeupe inakubali maana mchanga haupaki kama vumbi. Nyumbani umeme ukikatika na ndo taa hiyohiyo unaitumia, chagua bodi inayokupendeza wewe na mwanga 3,000 mpaka 4,000K kwa sababu mtoto atasomea.

Ukitaka kubadilisha

Mwanga. Elewa kwanza kwamba chujio halitengenezi rangi, linaondoa zile usizozitaka na kuacha iliyokuwepo. LED nyeupe ya baridi ina bluu nyingi na wekundu kidogo, kwa hiyo ukiifunga karatasi nyekundu ya kufungia zawadi unabaki na mwanga kiduchu na betri inakwisha kama kawaida, ndo maana nikasema nyekundu inunuliwe ikiwa nyekundu. Ila kuigeuza kuwa ya njano inawezekana vizuri. Waulize wapiga picha na watu wa video za harusi, wanazo karatasi za plastiki za kuchujia taa, ya kampuni ya Lee namba 204 inaishusha 6,500K mpaka 3,200K na inakula karibu nusu ya mwanga, unakata kipande unazungushia kioo kwa ndani au nje unabana na tepu. Acha matundu ya hewa wazi, LED nayo inapata moto.

Kwa chemli mambo yanageuka. Mwali wa mafuta ya taa umejaa wekundu na njano, bluu karibu haupo, kwa hiyo kioo chekundu au cha amba kinapitisha mwanga wa kutosha na kinapendeza kweli, kioo cha bluu kinakuachia giza. Usipake rangi kwenye kioo cha chemli, hasa rangi ya kucha kama nilivyoona watu wakifanya, ni kitu cha kushika moto na kinabanduka. Nunua kioo cha rangi chenye saizi yake.

Bodi ya plastiki, njia nzuri ni stika. Mafundi stika wa bajaji na bodaboda wana rangi zote, matte na zinazong'aa, na ikikuchosha unaibandua. Asifunike paneli ya sola wala matundu. Na hata usipobadilisha rangi, bandika ukanda mmoja wa reflekta ya malori, ile ya njano au nyeupe, uzunguke kitako cha taa, basi hata taa nyeusi unaipata kwa tochi kutoka mbali. Mkiwa kundi lenye taa za kufanana wekeni tepu ya rangi tofauti kwa kila tenti, ugomvi wa asubuhi unaisha.

Bodi ya bati ndo yenye kazi. Chemli kama Dietz, ambao walianza New York mwaka 1840, au Feuerhand 276 ya Kijerumani yenye tangi la mililita 340 linalowaka kama saa 20, nyingi zimepakwa zinki, na zinki haishikani na rangi ya mafuta ya kawaida. Ina kemia yake, rangi ya mafuta ikikutana na zinki inatengeneza kitu cha kama sabuni pale katikati, baada ya miezi inavuliwa yote kwa kucha. Feuerhand yenyewe unaweza kuinunua ikiwa na rangi kutoka kiwandani na ziko nyingi za kuchagua, kama bei inaruhusu hiyo ndo inadumu. Kupeleka kwa mafundi wa pauda kotingi wanaopaka fremu za madirisha pia inawezekana, unawatajia namba ya RAL, ile orodha ya rangi zenye namba, 1023 ni njano ya alama za barabarani, 2004 machungwa safi, 9005 nyeusi tii, ila tanuri lao linafika nyuzi 180 hadi 200 na lehemu ya bati na risasi inayeyuka kwenye 183. Kama tangi la taa yako limeunganishwa kwa lehemu, usipeleke, litarudi linavuja.

Ukipaka mwenyewe kwa kopo la kupuliza, toa mafuta yote na utambi, itenganishe, ioshe kwa sabuni mpaka mafuta yaishe kabisa, piga msasa laini wa 320 au 400 upoteze ule mng'ao, pitisha kitambaa chenye siki, suuza, kausha juani. Funika kwa tepu shingo ya tangi, kichomeo chote na yale matundu madogo ya hewa, yakiziba taa itatoa moshi. Praima inayoshika kwenye zinki kwanza, halafu rangi ya akriliki matabaka mawili matatu mepesi, moja zito litatiririka. Tangi halipati moto kwa hiyo rangi ya kawaida ya kopo inatosha, lakini kofia ya juu inaungua, pale tumia rangi ya kuvumilia joto, zile za jiko na mafla, au iache bati tupu, na mimi ningeiacha bati tupu maana tangi la njano na kofia ya bati vinaendana sana. Iache ikauke siku nzima au mbili, usiwe na haraka hapo. Mara ya kwanza iwashe nje, kwenye upepo mdogo, kwa sababu rangi mpya ikipata joto inatoa harufu kali na moshi kidogo mpaka iive, na ndani ya tenti chemli haiingii siku yoyote, iwe imepakwa au haijapakwa, hewa yake inaua.